Siku nne na mgeni wa milima: Meru au Udzungwa?

Kigongo: Wakuu, mwezi ujao nina siku nne. Niko na shemeji yangu ambaye ngazi za ghorofa ya tatu tu zinamtoa jasho. Anataka wanyama, maporomoko na kabaridi kidogo. Mlima Meru kule Arusha, au milima ya Udzungwa kule Morogoro?

MamaTochi: Kabaridi? Kilele cha Meru kiko mita 4,566, mdogo wangu. Kutoka vibanda vya kulala vya Saddle, mita 3,570, unaanza kupanda saa saba usiku. Mimi maji yaliganda kwenye chupa. Ila siku ya kwanza ni tamu: toka lango la Momella mnatembea katikati ya twiga na nyati, askari wa hifadhi na bunduki yake mbele. Nyati mmoja alitukazia macho mpaka soga zikaisha zenyewe.

Sanje77: Njooni Udzungwa. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni miguu tu. Poromoko la Sanje linashuka kama mita 170, na chini kuna kidimbwi cha kuoga. Mbega wa Iringa, yule mwenye kofia nyekundu, hapatikani kwingine duniani ila huku Udzungwa na misitu ya jirani. Kuna na ngolaga, nyani ambaye wataalamu walimgundua 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua muda wote, lakini haya.

BabuViatu: Meru kwa siku nne hakuna siku ya akiba. Kichwa kikimgonga shemeji pale Saddle kwa hewa nyepesi ya juu, msimlazimishe. Meru Ndogo, kile kilele kidogo karibu na Saddle, mchana wa siku ya pili inamtosha. Udzungwa hewa si tatizo, tatizo ni utelezi. Raba za mtaani aziache nyumbani.

MamaTochi: Kweli, ila alfajiri ya Meru jamani! Uko ukingoni, chini kwenye kasoko, yaani shimo la volkano, kuna kilima cha majivu, mashariki Kilimanjaro imeelea juu ya mawingu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Kigongo: Shemeji kasoma yote. Anauliza kitu kimoja tu: hao nyati, Udzungwa wapo?

Sanje77: Wapo, na tembo pia. Msitu mnene, kuwaona ni bahati. Mara nyingi unasikia tu matawi yakivunjika.

Kigongo: Basi Udzungwa. Hilo la matawi simwambii.