Frateri mgeni Mbagala: je, niombe shule ya lugha ilhali Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia?

Mgeni wa Bukavu ameuliza:

Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni frateri kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na shirika letu la kimisionari limenituma kufanya utume katika parokia moja ya Mbagala kwa miaka 2 kabla sijaanza masomo ya teolojia. Huu ni mwezi wangu wa nne hapa Dar es Salaam. Tulifika watatu, mwenzangu mmoja anatoka Poland na mwingine Ufilipino, nao walipelekwa moja kwa moja shule ya lugha. Mimi nilibakizwa parokiani kwa maelezo kwamba Kiswahili ninakijua tayari, na wiki ya pili nikakabidhiwa darasa la watoto wa komunyo ya kwanza pamoja na zamu ya kutembelea jumuiya ndogondogo kila Jumamosi asubuhi.

Kiswahili nimezaliwa nacho, na kile cha maandishi nimekisoma katika Biblia na vitabu vya sala tangu utotoni, ndiyo maana kuandika hapa hakunipi shida. Shida inaanza ninapofungua mdomo bila kujiandaa. Siku ya kwanza darasani nilitamka "mutoto" badala ya "mtoto", watoto wakalirudia neno hilo kwa pamoja kama wimbo, na somo likaishia hapo. Siku nyingine niliwaambia wavulana watoshe mabenchi, nikimaanisha wayatoe nje, nao wakayahesabu, kisha mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Yanatosha, Frateri."

Watoto si neno. Linaloniumiza ni la watu wazima. Mzee mmoja wa jumuiya, ambaye mke wake ni mgonjwa wa muda mrefu, nilimkuta ameketi barazani peke yake nikamuuliza: "Bibi yako anaendeleaje?" Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia taratibu kwamba bibi yake alifariki kabla ya Uhuru. Kwetu bibi ni mke. Hapa ni mama yake baba au mama yake mama. Fundi pikipiki mmoja nilimuuliza anatumika wapi, akanijibu kwa ukali kwamba yeye hatumiki, yeye anafanya kazi. Hata gengeni, nilipoulizia lengalenga, sombe na ndagala, nilionekana kama mtu anayetafuta dawa za kienyeji, mpaka nilipoonyesha kwa kidole nikaambiwa kwamba hivyo ni mchicha, kisamvu na dagaa.

Joto nalo lina mchango wake. Bukavu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko watu hulala na blanketi. Hapa ninaamka nimelowa, na nikichoka ulimi hurudi nyumbani wenyewe.

Swali langu ni hili: je, nimwombe paroko na wakubwa wa shirika wanipeleke shule ya lugha kama wenzangu, au ombi hilo litaonekana kama kukimbia kazi? Naogopa pia kwamba nikienda nitaketi miezi kadhaa nikifundishwa kusema "hujambo".

Mama wa Jumuiya, Temeke, amejibu:

Milele amina, Frateri. Marahaba, mwanangu, na karibu sana Dar es Salaam.

Naanza na kicheko, kwa sababu naona ndicho kimekuchoma. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wetu tulikuja na lafudhi za kwetu. Mimi ni Msukuma. Nilipoolewa huku mwaka 1988 jirani yangu Mzaramo alinicheka kila nilipotamka neno lenye "r", na kwa kuwa Wasukuma na Wazaramo ni watani, alifanya hivyo mbele ya mume wangu bila woga wowote. Huyo ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Wangekuwa hawakutaki, wangenyamaza na kukusikiliza kwa heshima kama mgeni wa serikali.

Lakini yapo mambo ambayo watu wa hapa hawakutanii, bali huyaweka moyoni, na hayo ndiyo ya kuyashika kwanza. La kwanza ni "nipe". Sijui kwenu ikoje, ila hapa mtu akiingia dukani akasema "nipe maji", haijalishi ametamka vizuri kiasi gani, ameshaonekana hana adabu. Sema "naomba maji". Kwa kondakta wa daladala sema "naomba unishushe kituo kinachofuata", hata kama yeye mwenyewe hana habari na adabu siku hiyo. La pili ni salamu. Usikimbilie haja yako. Ukifika nyumbani kwa mtu piga hodi, subiri karibu, amkia, ulizia za nyumbani, za kazi na za watoto, kisha ndipo useme kilichokuleta. Vijana wanasema tunapoteza muda, lakini mgonjwa unayemtembelea anapima huruma yako humo.

Usishtuke mama wa miaka 60 akikutangulia kwa "shikamoo, Frateri". Hauamkii umri wako, anaiamkia kanzu. Najua inatia aibu, na ndiyo sababu "Tumsifu Yesu Kristo" itakufaa sana, maana salamu hiyo haiulizi nani amezaliwa kwanza. Iwahi kabla hajafungua mdomo. Ila usiipeleke kila mlango. Mlutheri au Mpentekoste atapenda "Bwana Yesu asifiwe", na Mbagala majirani zako wengi ni Waislamu, ambao ukiwaamkia "asalam aleikum" au shikamoo ya kawaida kwa wazee, watakuona mtoto uliyelelewa.

Kuhusu shule, mimi nasema baki. Utajifunzia barazani.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ninamheshimu mama aliyetangulia, lakini barazani peke yake hapatoshi. (Hapatoshi kwa maana ya hapa, Frateri, si ya Bukavu.)

Makosa uliyoyataja ni ya aina tatu, nawe umeyaweka katika kapu moja. Matamshi ni jambo dogo. Ile "m" ya "mtoto" ni silabi kamili na haihitaji "u" ya kuiegemea. Katika "mtu" hata mkazo wenyewe unaiangukia hiyo "m". Jirekodi kwa simu ukisoma Injili ya Jumapili, kisha jisikilize. Aina ya pili ni upatanisho wa ngeli, kwa maana nashuku kwamba ukiwa umechoka husema "batu bengi" pale ambapo sisi husema "watu wengi". Hili linahitaji mazoezi ya kuandika na mtu wa kukusahihisha. Aina ya tatu ndiyo ya hatari, yaani maneno ambayo unayajua na sisi tunayajua, lakini hatukubaliani maana yake. Bibi, kutumika na kutosha ni ya kundi hilo. Mpolandi hawezi kuyakosea namna hiyo, kwa sababu hana maana nyingine kichwani. Wewe unayo, tena inakuja haraka kuliko yetu. Kwa hiyo shule ya wanaoanza haitakusaidia. Wataalamu wake wamezoea mtu asiyejua kitu, wala hawakuandaliwa kwa ajili ya mtu anayejua kingine.

Mwombe paroko jambo dogo zaidi: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitatu, na daftari moja la maneno ya kundi la tatu tu. Paroko mwenye busara hatakataa, maana gharama yake ni ndogo kuliko kukupeleka Musoma au Morogoro.

Na usiende kwa mwalimu huyo ukiwa umeinamisha kichwa. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe pamoja na mtoto mchanga. Hata hivyo aliendelea kukusanya maneno ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alikusanya ya Unguja, na kitabu chake cha kufundishia kilitoka mwaka 1870. Wajumbe walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuamua Kiswahili cha shule za Afrika Mashariki, walichagua Kiunguja. Kimvita, chenye mashairi ya karne na karne, kikaachwa nje ya darasa. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba watu wa Mombasa hawajui Kiswahili. Chako nacho hakikualikwa kwenye kikao hicho, basi.

Mkristo wa Kinondoni amejibu:

Mimi natofautiana na wote wawili. Nenda shule. Leo ni mabenchi na mchicha, lakini Mungu akipenda utakuwa padre na utaketi kwenye kitubio, ambapo mtu hunong'ona mara moja, kwa aibu, na hurudii kumuuliza "ulimaanisha nini?" Heri upoteze miezi minne sasa.

Sista Aliyerudi amejibu:

Frateri, nimesoma habari zako nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi nimepita njia hiyohiyo kwa upande wa pili. Ni mzaliwa wa Morogoro, na nilitumwa Kalemie, huko kwenu Kongo, kwa miaka 3. Nilikwenda nikijiamini kupita kiasi. Wiki ya kwanza mama mmoja aliniambia ninaongea kama redio, na Kiswahili changu wakakiita "Kiswahili bora". Nilidhani nimesifiwa. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kwao Kiswahili bora ni cha vitabu, na kwamba mtu hamwelezi uchungu wake mtu anayeongea kama kitabu. Nilipoanza kusema "ninatumika ku hopitali", wagonjwa walianza kuniita kwa jina.

Kwa hiyo namjibu ndugu wa Kinondoni: hoja ya kitubio ni nzito, lakini shule ya lugha haitamfundisha Frateri neno "mchepuko", wala haitamweleza kwamba aliyepigwa mzinga hakupigwa popote, bali ameombwa pesa. Hayo yako kwenye daladala na vijiweni. Tena jihadhari na hilo "kutumika", maana hapahapa Dar es Salaam ndugu zetu Wapentekoste husema mtumishi fulani "anatumika" wakimaanisha anamhudumia Mungu, nao hawamtukani.

Jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja. Ukimpigia mama yako simu, zungumza naye kama zamani. Mimi niliporudi likizo nilimwambia baba "aksanti", akadhani namdhihaki. Na nilipozinduka nikaanza kujichunga kila mahali, nikawa sina lugha ya kupumzikia. Uchovu unaousema una asili yake humo pia, si joto tu. Joto lenyewe litapungua mvua za masika zikianza Machi, ingawa hapo utaanza kulalamikia matope.

Mgeni wa Bukavu ameongeza:

Nawashukuru sana wote. Mwalimu, shikamoo, nimezungumza na paroko juzi kwa kutumia maneno yako karibu yote, naye amekubali nipate mwalimu Jumanne na Alhamisi, ila jumuiya za Jumamosi hazitaondolewa. Daftari nimelianza, na ukurasa wa kwanza una maneno 14. Sista, jana usiku nilimpigia mama nikaongea mpaka salio likaisha.

Nina swali lingine ambalo ni la haraka. Mke wa yule mzee niliyemuuliza habari za "bibi" amefariki alfajiri ya leo. Paroko yuko safarini na katekista amenitaka nitangulie msibani. Sijawahi kufika kwenye msiba wa hapa, na sijui nimwambie nini mtu ambaye mazungumzo yetu ya mwisho yalikuwa yale.

Mama wa Jumuiya, Temeke, amejibu:

Pole, mwanangu. Nenda sasa hivi, usisubiri kujiandaa.

Wanaume utawakuta nje chini ya turubai, na akina mama wako ndani wameketi kwenye mikeka. Ukiingia ndani vua viatu. Mzee mshike mkono kwa mikono miwili, umwambie "pole sana, mzee wangu, kwa kuondokewa na mama", kisha keti karibu naye. Usimwombe radhi kwa yale ya nyuma; ameshayasahau, au atayakumbuka mwenyewe na kuyacheka arobaini itakapopita. Ukisikia mzee wa pwani anakwambia "makiwa", ni pole hiyohiyo. Rambirambi mpe aliyeshika daftari, hata kama ni shilingi elfu mbili, na kubali jina lako liandikwe. Chai ikija, kunywa.

Jioni watataka rosari na watakugeukia wewe. Iongoze kama ulivyofundishwa na mama yako. Ukiteleza ukasema "mutoto Yesu", leo hakuna atakayekucheka.