Mfumo umesema "uboreshaji umekamilika", kumbe umeng'oa hifadhidata yangu: nimechoka kuambiwa nisakinishe upya

Wakuu, heshima mbele. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu siku 12 zilizopita kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ikifanya kazi zake zote bila kusumbua, na leo ndiyo kwanza inaanza kurudi katika hali ya kutumika. Sikuingiliwa na kirusi wala diski haikufa. Nilichofanya ni kukubali ombi la mfumo wenyewe, lililokuwa likijitokeza kwenye skrini kila asubuhi, la kuhamia toleo jipya. Ni mfumo wa Linux, mmojawapo kati ya ile inayotumia vifurushi vya deb (mafaili ya kusakinishia programu), na sitautaja jina kwa kuwa sitaki uzi huu ugeuke ugomvi wa mashabiki.

Nilijiandaa kama inavyoshauriwa. Nilinakili folda yangu ya nyumbani kwenye diski ya nje, nikahakikisha kuna nafasi ya kutosha, nikafunga programu zote. Kazi ilichukua karibu saa 2, kisha likaja dirisha dogo lililosema kwamba uboreshaji umekamilika na kwamba niwashe kompyuta upya. Nikawasha. Skrini moja ikaja na picha ya 1024 kwa 768, herufi zimevimba, na skrini ya pili ikabaki nyeusi kabisa.

Tatizo la skrini nililitatua siku ile ile, kwa hiyo nalipitia haraka. Draiva ya kadi ya picha ilikuwa inatoka kwenye hazina ya nje (ghala la programu lisilo la mfumo wenyewe), na chombo cha uboreshaji huzizima hazina zote za nje kabla ya kuanza kazi. Nakubali kwamba kuna sababu ya kufanya hivyo, maana vifurushi vya nje vinaweza kugongana na vya toleo jipya. Lakini matokeo yake ni kwamba kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, iliingia, draiva ya zamani ikashindwa kujijenga juu yake, na hakuna mahali popote nilipoambiwa kwamba imeshindwa. Niliirudisha hazina, nikasakinisha draiva mpya, nikasaini moduli yake (kipande chake kinachoingia kwenye kerneli) ili Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, iikubali, na skrini zote mbili zikawaka.

Kilichonitoa jasho ni hifadhidata. Kumbukumbu za kazi zangu za miaka 6 ziko kwenye PostgreSQL, programu ya seva ya hifadhidata, na programu ninayoitumia kuzisoma huunganika kupitia poti (namba ya mlango wa mawasiliano) 5432, ambayo ndiyo poti ya kawaida ya hifadhidata hiyo. Asubuhi ya siku ya pili programu ikaniambia kwamba hakuna seva inayojibu. Nikachunguza, nikakuta seva ipo ila inasikiliza kwenye poti 5433. Nikaingia kwa poti hiyo na kuomba orodha ya hifadhidata zilizomo, nikaona zile tatu tu ambazo PostgreSQL hujiundia yenyewe inaposakinishwa. Zangu hazikuwapo hata moja. Nakala yangu ilikuwa ya folda ya nyumbani, ilhali PostgreSQL kwenye mifumo hii huweka data yake chini ya /var/lib/postgresql. Nilikaa mbele ya orodha ile fupi nikiwa siwezi hata kugusa kibodi.

Nilipotulia nikafungua faili la history.log lililo ndani ya /var/log/apt, ambamo kila kilichosakinishwa na kila kilichoondolewa huandikwa pamoja na tarehe na saa. Kwenye mstari unaoanza na neno Remove, katikati ya majina mengine mengi yaliyobanana bila nafasi ya kupumua, nikaliona: postgresql-14. Ndipo nikakumbuka kwamba mwishoni mwa uboreshaji niliulizwa kama nataka kuondoa vifurushi vilivyopitwa na wakati. Nilikubali, kwa sababu swali lilikuwa la mstari mmoja na orodha yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya kitufe cha maelezo. Kwa hiyo chombo kinaweza kujitetea kwamba kiliniuliza, na mimi nasema huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Fonti ya zamani na seva ya hifadhidata iliyo hai, yenye data ndani yake, haviwezi kuwekwa kwenye kapu moja na kuitwa vimepitwa na wakati.

Kwa faida ya mwingine atakayefikwa na hili, data haikuwa imefutwa. Kuondoa kifurushi hivyo huacha folda ya data mahali pake, na yangu ilikuwa bado ipo, ndani ya folda yenye namba 14. Toleo la 16 lililokuja na mfumo mpya haliwezi kuisoma moja kwa moja, kwa kuwa umbo la data kwenye diski hubadilika kati ya matoleo makuu. Nilinakili kwanza folda nzima kwenye diski ya nje, nikachukua toleo la 14 kutoka kwenye hazina ya mradi wa PostgreSQL wenyewe, ambayo huendelea kutunza matoleo ya nyuma, nikaiwasha seva ya zamani, nikatoa kila kitu kwa amri ya pg_dumpall na kukiingiza kwenye toleo la 16. Ipo pia amri ya pg_upgradecluster inayofanya kazi hiyo ya kuhamisha data kwenda toleo jipya, ila hutaka kwanza uiondoe seva mpya iliyo tupu, na hapo ukikosea namba ya toleo umejifutia data kwa mkono wako mwenyewe. Nilipoona jedwali la kwanza limerudi na safu zake zote, ndipo nikashusha pumzi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Siku ile ya pili, kabla sijaelewa lolote, niliomba msaada sehemu tatu tofauti na kueleza dalili zote kwa utaratibu. Jibu lilikuwa moja kila nilikokwenda: futa diski, sakinisha upya, utapoteza muda bure kutafuta chanzo. Ningelifuata agizo hilo, ningefuta kwa mkono wangu folda pekee duniani iliyobeba kazi ya miaka 6. Aliyenishauri hakuniuliza data iko wapi, hakuniomba logi (kumbukumbu za mfumo) hata mstari mmoja, na alijibu kwa uhakika wa daktari aliyekwisha kumpima mgonjwa. Huo si msaada. Mtu asiyejua chanzo anyamaze, au aulize.

Halafu, kusakinisha upya hakutibu mengi ya haya. Programu yangu ya mikutano ilianza kuonyesha skrini nyeusi kwa wenzangu kwa sababu toleo jipya linaingia kwa Wayland badala ya X11 (njia mbili za kuonyesha madirisha kwenye skrini), na chini ya Wayland programu haiwezi kunasa skrini nzima bila kupitia mlango maalumu wa ruhusa na PipeWire, huduma inayopitisha picha na sauti kati ya programu. Ningesakinisha upya mara kumi, ingekuwa vile vile mara kumi. Dawa ilikuwa kupata toleo jipya la programu ya mikutano; kabla ya hapo niliponea kwa kuchagua X11 kwenye ukurasa wa kuingilia. Mazingira yangu ya Python (lugha ya kuandikia programu) nayo yalikufa kwa kuwa maktaba zake zilikuwa kwenye folda ya 3.10 na mfumo sasa una 3.12, niliyaunda upya kwa dakika chache.

Ninachowadai watengenezaji si miujiza. Chombo chao kinajua kila hazina kinayoizima, kila kifurushi kinachokiondoa na kila draiva iliyoshindwa kujijenga, kwa sababu chenyewe ndicho kinachoyaandika kwenye logi. Basi kiyaseme kwenye lile dirisha la mwisho, kwa lugha ya kawaida, badala ya neno moja la "umekamilika". Na kikikuta seva ya hifadhidata yenye data, kisimame na kuuliza juu ya hiyo peke yake.

Limebaki jambo moja ambalo sijalishinda. Kompyuta ikilala haiamki: feni zinazunguka, taa ya kibodi inawaka, skrini nyeusi, na inabidi nizime kwa kitufe. Nikichagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, inalala na kuamka vizuri, na nikiingia kwa akaunti mpya ya mtumiaji niliyoiunda kwa ajili ya majaribio tatizo liko pale pale, kwa hiyo si mipangilio yangu. Logi ya uwashaji uliotangulia, niliyoitoa kwa amri ya journalctl -b -1, inaishia kwenye mstari wa PM: suspend entry, yaani kompyuta inaingia usingizini, na baada ya hapo hakuna kitu. Nitaibandika yote kwenye posti inayofuata, kwa yeyote aliye tayari kuisoma kabla ya kunijibu.