Kula kidogo ili uishi miaka mingi: inafaa?

Mla Dona: Wadau, salaam. Kule Marekani kulikuwa na jaribio linaitwa CALERIE. Watu zaidi ya 200, wasiokuwa wanene sana, walitakiwa wapunguze robo ya chakula kwa miaka 2. Kwa wastani waliweza kama asilimia 12 tu, lakini hata hivyo presha na lehemu mbaya (kolesteroli) vilishuka. Nina miaka 47 na nimeanza: ugali nusu ya zamani, usiku supu basi. Kuna anayeona inafaa? Shida yangu iko nyumbani. Akina mama ndio wanaotuua kwa sahani za kujaza, ukibakiza tonge wananuna.

Babu wa Kigogo: Kijana, mwaka 1974 nilipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, nikiwa na mke na mtoto mchanga. Aliyewahi kulala njaa hawezi kuiita dawa. Mnaishabikia kwa sababu mmeshiba.

Nesi wa Zamu: Shikamoo babu. Hakuna aliyeisifu njaa. Mwaka 1935 Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwapunguzia panya chakula wakaishi zaidi ya wenzao, lakini alihakikisha vitamini na madini hawakosi. Hapo ndipo ilipo tofauti na njaa. Kaka Mla Dona, ugali nusu na supu sijaona maharage humo, wala mboga za majani. Supu yenyewe ya nini?

Mama Pacha: Mimi nimekwama kwenye "akina mama ndio wanaotuua". Ukipunguziwa unasema umedharauliwa mbele ya wageni. Ukijaziwa, unauawa. Tushike lipi?

Mwana wa Tanga: Sisi hili tulishafundishwa na Mtume: thuluthi ya tumbo chakula, thuluthi maji, thuluthi pumzi. Hatukuhitaji panya.

Mama Pacha: Kaka wa Tanga, mafundisho nayaheshimu. Nauliza thuluthi ya sahani ya nani. Nimekulia nyumba ya watu 9. Mama alimpakulia baba kwanza na minofu yake, kisha mgeni, kisha sisi watoto. Yeye alibaki na ukoko na mchuzi wa kufuta sufuriani. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kumpima lehemu. Amefariki ana miaka 58. Kama kula kidogo kunarefusha maisha, yeye angekuwa hapa ananisuka nywele.

Mwana wa Tanga: Pole dada. Lakini usiigeuze dini ionekane ndiyo iliyomnyima mama yako. Thuluthi ile anaambiwa hata baba.

Mama Pacha: Anaambiwa. Anaifuata?

Fundi Redio: Jamani, tumbili! Kuna tafiti mbili za Marekani. Tumbili wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipunguziwa chakula wakaishi zaidi. Wale wa taasisi ya taifa ya uzee ya huko huko, ripoti ya 2012, hawakuwazidi wenzao umri. Inasemekana chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari nyingi, na wale wa kulinganishwa nao waliachwa wale watakavyo. Yaani huenda aliyepona ameponea kwa kuepushwa na sukari na kuvimbiwa. Hilo mbona hamlijadili?

Dada wa Mbagala: Tutajadili, fundi. Mimi nina kisukari, daktari akaniambia nipungue. Nimepungua kilo 14. Mtaani wameanza kuniangalia kwa huruma. Jirani mmoja aliuliza watoto wangu kama nameza dawa vizuri, na si za kisukari alizokuwa anauliza. Tuliokua miaka ya tisini tunajua kukonda kulivyosomwa: ukikonda umeshazikwa. Mwanamume akipungua anaambiwa anafanya mazoezi. Kwa hiyo, Mla Dona, kwako inafaa. Kwangu inafaa pia, ila nailipia kila nikienda gengeni.

Mla Dona: Dada wa Mbagala, nimekuelewa. Mama Pacha, sikumaanisha kudharau. Nilimsema mke wangu tu, naye ananipenda ndiyo maana anajaza.

Mama Pacha: Hukumtaja mkeo. Umeandika "akina mama".

Babu wa Kigogo: Binti, hiyo ya ukoko nimeisoma mara tatu. Ule mwaka wa foleni, marehemu mke wangu alikuwa akiniambia ameshakula jikoni. Naye alikuwa ananyonyesha. Sikwenda jikoni kutazama.

Mama Pacha: Shikamoo babu. Pole sana.

Nesi wa Zamu: Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua wasiguse kabisa mambo haya ya kupunguza. Nasisitiza kwa sababu kuna wasomaji wanaopita kimya.

Mla Dona: Nesi, supu ni ya kongoro. Nitaweka maharage na mchicha. Na nimeamua nyumbani kwangu kila mtu ajipakulie mwenyewe, yaishe.

Mama Pacha: Kujipakulia sawa, lakini baba akitangulia sufuriani minofu inakwenda naye. Kaa wewe wa mwisho, mwezi mmoja, ule kinachobaki. Kisha rudi hapa utuambie umepunguza asilimia ngapi.