Masteringi wa zamani hawakuwa na siksipaki, mbona walitisha kuliko hawa wa sasa?

MkandaWaZamani

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua muda sasa naomba tukijadili taratibu. Mimi naangalia muvi za zamani na hizi mpya zote, sibagui. Ila nikilinganisha naona steringi wa leo akivua shati kila msuli unahesabika, kifua hakina hata unywele mmoja, mishipa imesimama mpaka shingoni, lakini akisimama mbele ya adui mimi sisikii hofu yoyote. Halafu naweka Lee Marvin kwenye Point Blank ya 1967, jamaa ana mvi kichwa kizima, amevaa suti, hajavua kitu, anatembea tu kwenye korido viatu vinagonga sakafu ko ko ko, na mimi niliyekaa kwenye kochi najua kabisa kuna mtu ataumia leo.

Nikaanza kufuatilia historia zao ndo nikaona mambo. Huyu Marvin alikuwa Marine, yaani askari wa majini wa Marekani, kwenye vita ya pili ya dunia, akapigwa risasi kisiwa cha Saipan mwaka 1944, wenzake wengi wa kikosi hawakutoka salama. Charles Bronson ametoka familia ya watoto 15 huko Pennsylvania, baba mchimba makaa ya mawe, na yeye akashuka mgodini akiwa bado kijana mdogo, vita ilipokuja akawekwa kwenye bunduki ya ndege za mabomu. Ukimwona amevua shati kwenye muvi za miaka ya 60 mwili upo, tena mkavu kweli, lakini ni mwili wa mtu aliyebeba vitu vizito maishani na sio wa mtu aliyejiandaa kupigwa picha. Na uso! Ule uso una mistari mpaka unajiuliza huyu amepitia nini. Death Wish imetoka 1974 ana miaka 52 na hakuna aliyelalamika kwamba ni mzee.

Burt Lancaster yeye kabla ya muvi alikuwa mtu wa sarakasi, anaruka na kubebana hewani na rafiki yake Nick Cravat, na ndo maana kwenye The Crimson Pirate ya 1952 wako wote wawili wanapaa juu ya milingoti ya meli na unaona kabisa ni wao wenyewe. Woody Strode watu hawamtaji ila huyu kwangu ndo namba moja. Mwanariadha wa chuo kikuu cha UCLA, mwaka 1946 yeye na Kenny Washington wakawa weusi wa kwanza kurudi kwenye NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, baada ya ligi kuwafungia mlango miaka mingi. Mwaka 1960 akiwa na zaidi ya miaka 45 akapigana na Kirk Douglas kwenye Spartacus, ana wavu na mkuki wa ncha tatu, na haongei karibu chochote. Yule bwana anakaa kwenye benchi anasubiri zamu yake ya kuingia uwanjani na tayari unamwogopa na kumheshimu kwa pamoja.

Sasa swali langu, hiki kitu kimepotelea wapi? Ni miili imebadilika, ni maisha yamebadilika au ni sisi watazamaji tumefundishwa kwamba mwanaume ni misuli? Nawasilisha.

chuma_asubuhi

Mkuu umegusa panapouma. Mimi nafundisha watu mazoezi, ndo kazi yangu, kwa hiyo acha niongee upande wa mwili.

Kitu cha kwanza watu wajue, ule mwili unaouona kwenye skrini, kesho yake mwenyewe hana tena. Tumbo likagawanyike vile mafuta mwilini lazima yashuke mpaka kama asilimia 10 au chini ya hapo, na ukikaa huko muda mrefu usingizi unapotea, nguvu zinashuka, hasira za ovyo, hata hamu ya tendo inakwenda. Kwa hiyo wanapanga siku ya kuvua shati kama wanavyopanga siku ya kulipua jengo. Wiki kadhaa chakula kinabanwa, siku za mwisho wanapunguza maji ili ngozi ishike msuli, halafu dakika chache kabla kamera haijawaka jamaa anapiga pushapu na kuvuta kamba za mpira damu ijae kwenye kifua na mikono, taa inawekwa kwa pembeni ili kila kivuli kionekane, wanapiga hiyo sini, imeisha.

Na hizi sio hadithi za vijiweni wamesema wenyewe. Henry Cavill alieleza 2019 kwenye kipindi cha televisheni cha Uingereza kwamba kwa zile sini za kuvua shati kwenye tamthilia ya The Witcher anapunguza maji siku ya kwanza, siku ya pili anapunguza zaidi, siku ya tatu hanywi kabisa. Hugh Jackman kwa ile ya Les Misérables alikaa masaa 36 bila kinywaji ili uso ukauke. Zac Efron alisema mwaka 2022 kwamba mwili wa muvi ya Baywatch aliupata kwa kutumia mpaka dawa za kukojoza maji, akaanza kukosa usingizi, akapata sonona, na ilimchukua muda mrefu kurudi kawaida. Sasa mtu ambaye hajanywa maji tangu jana, kichwa kinamgonga, unataka akutishe na nini? Yuko pale anahesabu dakika aende kunywa maji.

Bronson na Lancaster walikuwa wanakula na wanakunywa. Mwili wa sarakasi au wa mgodini unajengwa kwa kuvuta, kupanda, kubeba, kujizungusha, unapata mgongo na mikono ya mbele na miguu inayojua kukaa chini. Nikimwangalia Lancaster anavyopanda kamba naona mtu ambaye mabega na nyonga vinafanya kazi pamoja, hiyo hata mteja wangu mwenye kifua kikubwa kuliko wote jimu hana.

Na Jackman huyohuyo angalieni X-Men ya kwanza ya 2000. Aliingia dakika za mwisho kwa sababu Dougray Scott aliyechaguliwa kwanza kucheza Wolverine alichelewa kwenye Mission: Impossible 2, hakuwa na muda wa kujijaza, ana mwili wa kawaida tu wa mwanaume aliye fiti. Kwa macho yangu pale ndo anaonekana hatari zaidi, kama mtu wa baa ya barabarani ambaye ukimgusa umekwisha. Wolverine ya 2013 mwili ni mara mbili, ni mzuri kuuangalia, ila ule ukali wa mtaani umefunikwa na misuli.

Dada_Sinema

Kaka zangu nawasoma na nawapenda bure ila naona mnaanza kutengeneza masanamu, ngoja nipinge kidogo.

John Wayne, baba wa wababe wote wa Marekani, hakwenda vitani. Vita ya pili ya dunia yote alibaki anacheza muvi wakati James Stewart ambaye kwenye skrini alikuwa mtu mpole mwenye kigugumizi cha aibu alikuwa anarusha ndege ya mabomu juu ya Ujerumani kweli kweli, na Clark Gable akaenda ana miaka zaidi ya 40. Ile namna ya Wayne ya kutembea kwa upande na kuongea polepole kajifunzia kwa Yakima Canutt, bingwa wa rodeo (michezo ya kupanda farasi wakali) aliyekuwa anamchezea zile za hatari. Kwa hiyo ubabe wa zamani na wenyewe ulikuwa unashonwa, tena na mafundi wazuri.

Halafu James Cagney, jambazi wa kwenye muvi aliyetisha Marekani nzima mwaka 1931, mfupi, na kazi yake ya asili ni kucheza dansi! Oskari yake aliipata kwa muvi ya kuimba na kucheza. Na nadhani jibu la swali lako MkandaWaZamani limekaa hapohapo. Mwangalie Cagney anavyosimama, uzito uko kwenye vidole vya miguu, muda wote yuko tayari kuruka, hujui ataelekea wapi. Mchezaji dansi anajua mwili wake uko wapi. Strode mwanariadha, Lancaster sarakasi, Kirk Douglas alikuwa mpiga mieleka chuoni, Weissmuller aliyekuwa Tarzan 1932 ana dhahabu tano za Olimpiki za kuogelea. Hawa wote mwili ulikuwa chombo cha kazi kabla kamera haijawakuta. Saizi ya mkono haina uhusiano.

Misuli ya maonyesho nayo ilikuwepo, tusidanganyane. Steve Reeves alikuwa Mister Amerika 1947 na Waitaliano wakamfanya Hercules 1958, muvi ikauza dunia nzima. Sean Connery naye aliingia kwenye mashindano ya Mister Universe miaka ya 50 kabla hajawa James Bond. Schwarzenegger hakuanguka kutoka mbinguni.

Na lingine mnalisahau. Ule uso wenye mistari mnaousifia nusu yake ni sigara na pombe. Humphrey Bogart amekufa 1957 ana miaka 57 tu kwa saratani ya koo la chakula. Wayne alitolewa pafu 1964. Yul Brynner alirekodi tangazo la kuwaambia watu wasivute, likarushwa baada ya yeye kufa 1985. Walikuwa wanaonekana wazee kwa sababu walikuwa wanazeeka haraka. Mimi nawapenda sana lakini sitaki mwanangu azeeke hivyo ili aonekane mwanaume.

mpiga_chabo77

Amitabh Bachchan. Zanjeer 1973, Deewaar 1975. Mrefu, mwembamba kama mlingoti, shati limefungwa tumboni, na ukumbi mzima ulikuwa unashika pumzi akikunja uso. Mwaka 2007 Shah Rukh Khan katoa siksipaki kwenye wimbo na tangu hapo kila kijana wa Bollywood lazima avue. Sijaona hata mmoja mwenye yale macho.

MkandaWaZamani

Dada_Sinema nimekusoma na hoja ya Wayne sina pingamizi nayo, kweli hakwenda. Lakini nikuulize, mbona Marvin mwenyewe ambaye alikwenda na kuumia, akicheza mwanajeshi anacheza kwa uchovu na huzuni fulani? Kwenye The Dirty Dozen hashangilii kuua mtu. Na Audie Murphy, mwanajeshi mwenye nishani nyingi kuliko karibu wote Marekani, alikuwa na sura ya mtoto na mwili mdogo mpaka Marines walimkataa, halafu 1955 akacheza maisha yake mwenyewe. Ukimwangalia yuko kimya kimya tu. Mimi nadhani aliyeona vurugu kweli anajizuia, na kule kujizuia ndiko kunakonitisha. Hawa wa sasa wameambiwa waonyeshe kila kitu, misuli, hasira, meno, hakuna kilichobaki ndani cha mimi kukiogopa.

Kiduku wa Kati

Wakuu mmewasahau walio hai. Keanu Reeves kwenye John Wick ya kwanza 2014 alikuwa na miaka 50, hana mwili wa jimu, suti nyeusi muda wote, na anatisha. Kwa nini? Kwa sababu alisota kwenye judo na jujitsu na bunduki miezi kabla ya kamera, na dairekta Chad Stahelski ndiye aliyekuwa anamchezea hatari kwenye Matrix, anajua mwili wa jamaa unaweza nini, kwa hiyo anaweka kamera mbali na kuiacha itulie uone mtu mzima kuanzia kichwa mpaka miguu. Muvi nyingi za sasa kamera inakatwa kila nusu sekunde kwa sababu steringi hajui kupigana, unaona ngumi, unaona bega, unaona mtu kaanguka, nani kampiga hujui. Sasa hapo misuli inakuja kufidia. Jason Statham vilevile, alikuwa mrukaji wa kupiga mbizi kutoka jukwaani wa timu ya Uingereza na alishiriki michezo ya Jumuiya ya Madola 1990, akiruka ukuta unaona ni mtu aliyezoea kuanguka. Na hata marehemu Bruce Lee hakufika kilo 70.

Kwa hiyo kitu hakijapotea. Kimepungua tu kwa sababu ni rahisi kununua kocha na mpishi kwa miezi sita kuliko kumpa mtu miaka ya kujifunza kutembea.

mama_wa_wawili

Naomba niingie na langu maana linanigusa nyumbani. Kijana wangu mkubwa yuko sekondari, ana mwili mzuri tu wa umri wake, lakini anajipima kila siku kwenye kioo, anaacha wali, ananiambia mama nina tumbo. Picha zilizojaa kwenye simu yake ni hao hao mnaowataja. Niliwahi kusoma utafiti wa Marekani wa 1999, walipima midoli ya wanajeshi ya G.I. Joe kuanzia ile ya 1964 wakakuta kila toleo misuli inaongezeka, mpaka la miaka ya 90 ukilikuza liwe saizi ya mtu mkono wake unawazidi wanyanyua vyuma wakubwa. Yaani watoto wa kiume walianza kulishwa hivi hata kabla ya simu. chuma_asubuhi wewe ni mwalimu, huyu mtoto nimwambieje bila kumdhalilisha?

chuma_asubuhi

Dada pole na asante kwa kuuliza. Usimwambie aache mazoezi, atakuona adui. Kwanza akae na wewe muangalie mahojiano ya Cavill na ya Efron wakieleza kwa midomo yao walivyokuwa wanateseka, akisikia kutoka kwa mwenye mwili ataelewa haraka kuliko kwangu au kwako. Pili mwondoe kwenye kioo umpeleke kwenye kitu kinachopimwa kwa kufanya, kuogelea, ngumi, sarakasi, kupanda kamba, mpira, chochote anachopenda. Kijana akianza kuhesabu mara ngapi amejivuta juu ya bomba anaacha kuhesabu vipande vya tumbo, hiyo nimeiona kwa wengi. Chakula asikate, bado anakua, wali ale. Na ukiona ameanza kununua vidonge au sindano zozote au anakimbia meza kila siku, hapo usingoje, mpeleke kwa daktari.

Halafu siku moja wekeni ile sini ya Strode ya Spartacus mwangalie wote, usiseme chochote, mwache aone mwenyewe.