Mdogo wangu alirudisha pesa ya kwaya, lakini kanisani harudi

Yaya wa Kadutu
Bwana asifiwe, wapendwa. Naandika toka Bukavu. Mdogo wangu alikuwa anatunza sanduku la kwaya. Akachukua pesa ya vitenge, akaitia katika biashara ya makala ya kupikia, ikapotea yote. Alitubu mbele ya wazee, akalipa kidogokidogo mpaka deni likaisha, wakamsamehe. Lakini kila Jumapili anapiga pasi shati la kwaya, analitundika mlangoni, kisha anavaa la kazi na kwenda sokoni. Nikimuuliza anasema: "Yaya, Mungu amenisamehe, ila hana kazi na mimi tena." Nimsaidie namna gani?

Shemasi wa Bagira
Mama, usimsukume. Aliyeanguka anyamaze kwanza. Katika Zaburi 51 Daudi aliomba moyo safi kabla ya kuahidi kufundisha wakosaji.

Alto wa Ibanda
Kwa heshima, Papa Shemasi, kunyamaza akiwa peke yake kunanitisha. Yuda naye alijuta, hata vile vipande 30 vya fedha alivirudisha. Makuhani wakamwambia hayo ni shauri lake, akaenda akajinyonga. Petro alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, lakini alibaki kati ya ndugu, na kati yao ndipo Yesu alipomkuta ufukweni.

Yaya, wewe uwe Barnaba. Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani huko Pamfilia. Safari iliyofuata Paulo akamkataa katakata. Barnaba, binamu yake Marko, hakungoja hasira ya Paulo ipoe. Alimchukua wakavuka kwenda Kipro. Baadaye ni Paulo huyohuyo anayemwagiza Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi! Huyo kijana hakukomaa akiwa amejifungia nyumbani.

Yaya wa Kadutu
Aksanti sana, nimelia nikisoma. Sasa niwaombe wazee wamrudishie sanduku?

Alto wa Ibanda
Sanduku hapana, yaya. Apewe kazi isiyo na pesa, kama kufundisha watoto nyimbo au kutembelea wagonjwa. Na sanduku lishikwe na watu wawili, hesabu isomwe mbele ya kwaya kila mwezi. Kumwachia kijana mmoja pesa na ufunguo, hapo kanisa nalo lina la kujifunza.

Shemasi wa Bagira
Hapo umenifundisha, binti yangu. Mama, Jumapili hii mwombe akae na wewe benchi moja. Asiimbe bado, akae tu.