Mti wa Krismasi kanisani: Yeremia 10 inaukataza kweli?

Mzee_wa_Usharika
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Baraza la wazee limepokea hoja ya vijana: mwaka huu kanisani pasiwekwe mti. Wanasema Yeremia 10:3-4 inaukataza, na kwamba 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi. Naomba majibu yenye andiko na historia, siyo "ndivyo tulivyokuta". Na tukiendelea kupamba, tupambe vipi?

Mwinjilisti_Kusini
Shikamoo mzee. Waambie wasiishie mstari wa 4. Ni kweli pale mti unakatwa mwituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike. Lakini mstari wa 3 unataja mikono ya fundi, wa 5 unasema kitu hicho hakisemi na hubebwa kwa sababu hakiwezi kwenda, na wa 9 unakivisha nguo za samawi na urujuani. Nani anauvisha mti nguo? Hiyo ni sanamu ya kuchonga. Isaya 44 anaieleza kazi hiyohiyo: sehemu ya gogo mtu anaota moto na kuoka mkate, iliyobaki anaifanya mungu na kuisujudia.

Mti wa Krismasi wenyewe ni wa Wajerumani wa karne nyingi baadaye. Taarifa inayojulikana sana ni ya Strasbourg, 1605: miti ya sebuleni iliyotundikwa matufaha, kaki na maua ya karatasi. Yeremia hakuwa akiusema huo.

Kalenda_na_Historia
Hilo la jua linarudiwa kila Desemba, na watu wanaruka hatua. Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma mwaka 274. Lakini hati ya kale zaidi inayotaja sikukuu ya jua tarehe 25 Desemba ni mkusanyo wa kalenda wa mwaka 354, na mkusanyo huohuo una orodha ya Kikristo inayoweka kuzaliwa kwa Kristo tarehe hiyohiyo. Kwa hati hiyo huwezi kuapa nani alimwiga nani. Saturnalia, sikukuu nyingine ya Warumi, nayo ilikuwa kuanzia 17 hadi 23 Desemba, haifiki 25.

Kuna njia nyingine ya kuifikia tarehe. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, aliweka kifo cha Yesu 25 Machi. Askofu Augustino alieleza imani kwamba Yesu alitungwa mimba siku hiyohiyo ya mwaka; ongeza miezi tisa, unatua 25 Desemba. Ni hesabu ya kiimani, siyo cheti cha kuzaliwa. Wahabeshi wanaadhimisha 7 Januari kwa kalenda yao na hawajapungukiwa kitu.

Msabato_Msomaji
Hata tarehe ikiwa safi, agizo la kuadhimisha Krismasi halipo. Luka 22:19 inaagiza kukumbuka kifo, siyo kuzaliwa. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Massachusetts, Marekani, waliipiga Krismasi marufuku mwaka 1659, faini shilingi tano, na hawakuwa wapagani.

Mwinjilisti_Kusini
Ndugu, agizo halipo, nakubali. Ndiyo maana usharika hauwezi kumtenga asiyepamba. Ila Warumi 14:5-6 inambana na huyo asiyepamba pia, asimhukumu apambaye: aadhimishaye siku huiadhimisha kwa Bwana. Sheria ile ya Massachusetts ilifutwa 1681.

Parokia_Mapambo
Naongezea la vitendo. Kinachoharibu ibada zaidi ya mti ni kupamba mapema mno. Desemba mosi kila kitu kinawaka, Majilio (majuma manne ya kungoja Krismasi) yanamezwa, na tarehe 26 watu wanaondoa taa wakati majira ya Noeli ndiyo kwanza yameanza.

Anzeni na shada la Majilio. Desturi hiyo ni ya Mlutheri Wichern wa Hamburg, Ujerumani, 1839, aliyewafundisha watoto kuhesabu siku kwa gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili. Siku hizi inatosha duara la sentimita 40, mishumaa minne, na majani mabichi. Jumapili ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba. Unawashwa mmoja, halafu miwili, hivyohivyo. Mshumaa wa kwanza huwaka wiki zote nne, kwa hiyo nunueni mirefu na izimwe mara somo likiisha. Kila mmoja usimame kwenye kikopo cha bati chenye mchanga, maana majani ya saipresi yakifika wiki ya tatu yamekauka na yanashika moto haraka. Badilisheni majani kila Jumamosi.

Mti uwekwe jioni ya 24, pembeni, usizibe meza ya Bwana wala mimbari. Ndoo ya mchanga uliolowa inaushikilia vizuri. Kwenye pango la sanamu za Krismasi, mtoto Yesu alazwe horini usiku wa 24. Mamajusi wasubiri 6 Januari. Mathayo hataji idadi yao, anataja zawadi tatu, na anasema waliingia nyumbani.

Mzee_wa_Usharika
Asanteni sana. Ila mshumaa wa pinki, ambao kwa desturi huwashwa Jumapili ya tatu ya Majilio, hapa madukani haupo.

Parokia_Mapambo
Wekeni zambarau minne, mzee. Nayo ikikosekana, weupe na utepe wa zambarau chini kabisa, mbali na moto.