Impreza ya Baba, irudi ilivyokuwa au ibadilishwe?

*Hamisi:* Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu mambo. Baba kanikabidhi ile Subaru Impreza rasmi, WRX ya 1995, funguo na karatasi zote ninazo. Mpango wangu nauweka hapa mapema asije akatokea mtu baadae akasema sikumshirikisha. Tabo kubwa ya kusukuma hewa kwenye injini, kontroboksi (kompyuta ya injini) ya kisasa ya kutuni, koilova yani springi na shokapu za kurekebisha urefu niishushe chini, mafenda ya nyuma nikate nitanue ikae kama 22B ile Impreza pana, siti za nyuma zitoke, halafu rangi nyeusi isiyong'aa gari nzima. Karibuni

*Juma:* 🔥🔥🔥 kaka hapo kwenye fenda umeua

*Mama Hamisi:* Siti za nyuma zitoke wajukuu wangu wakae wapi?

*Mjomba Rashidi:* Marahaba mpwa wangu. Nimesoma yote. Swali moja kwanza, ushaiendesha?

*Hamisi:* Nimeiendesha mjomba, wiki iliyopita Baba akiwa kando. Inavuta, ila kwenye kona inayumba, usukani una uvivu katikati, breki mpaka ukanyage sana ndo inashika, na ukikanyaga mafuta tabo inachelewa kuamka. Ndo maana nataka nibadilishe

*Mjomba Rashidi:* Basi tuanzie hapo hapo. Wewe bado hujaendesha WRX ya 1995, umeendesha uchovu wa miaka thelathini. Kuyumba hizo ni bushi za mpira zimekauka zimepasuka na shokapu zimeisha, ukiweka koilova kali juu ya bushi mbovu unapata gari ngumu ambayo bado inayumba. Breki, majimaji yake yanavuta unyevu kila mwaka na zile hosi za mpira zikizeeka zinavimba kila ukikanyaga, nguvu ya mguu inaishia kwenye hosi haifiki kwenye kalipa. Tabo kuchelewa, kagueni hosi zote ndogo za hewa na yale mabomba ya kwenda intakula inayopoza hewa, upepo ukivuja njiani tabo inazunguka weee presha haifiki kwenye injini. Yani yote uliyoyataja ni kuchoka, hakuna hata moja ambalo waliobuni gari walikosea. Sasa utajuaje cha kubadilisha wakati gari yenyewe hujakutana nayo?

*Baba Hamisi:* Kweli hio Rashidi. Mimi nilivyoichukua 1998 haikuwa hivi kabisa, ukigusa usukani tu imeshaingia. Nadhani imezeeka taratibu na mimi ndani yake nikawa nazoea tu

*Dada Zuhura:* Shikamoo mjomba, shikamoo ba'mkubwa. Naomba nimtetee Hamisi kidogo maana naona anaenda kuzidiwa. Magari haya hayakuzaliwa yakae kwenye turubai. Impreza WRX, Lancer Evolution, Delta Integrale, Sierra Cosworth, yote yalitoka kwa sababu sheria za rali na mbio za Kundi A zilimlazimisha mwenye kiwanda auze kwa wananchi gari ya kutosha inayofanana na ile ya mashindano. Yani yalijengwa yakiwa na akiba ndani. Angalieni Skyline GT-R R32 ya 1989, kwenye karatasi nguvu farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani kwa sababu viwanda vya Japani vilikubaliana visitangaze zaidi ya hapo, makubaliano yamedumu mpaka 2004, lakini injini ile ile ya RB26 ikiandaliwa kwa mbio ilipita 500 na ikaenda Australia ikashinda mbio za Bathurst 1991 na 1992. Sasa mtu akiitoa nguvu iliyofichwa humo kakosea nini? Kutuni ni sehemu ya historia ya magari haya

*Hamisi:* ASANTE dada

*Mjomba Rashidi:* Marahaba Zuhura. Sikatai hata neno moja hapo. Ila malizia habari yenyewe, zile tabo za R32 gurudumu lake la upande wa ekzosi ni la kauri, watu walipandisha presha kwa mkono tu bila kubadilisha tabo, kauri ikapasuka. Waliozitoa zile nguvu 500 walijenga injini upya kwanza. Na wewe Hamisi injini yako ni EJ20 ya 1995. Ukiweka tabo kubwa hewa inazidi, petroli isipozidi kwa kiasi kile kile mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, petroli inajilipukia kabla ya wakati wake. Ndo ile sauti ya kugonga, na anaeumia ni pistoni. Injekta zako zina umri gani? Ikiwa moja inatoa kidogo kuliko wenzake silinda ile ndo itakufa wa kwanza, hata utuni kwa kompyuta gani

*Juma:* 😳

*Shangazi Mwanaidi:* Mimi sijui mambo ya tabo ila nauliza, kwani hii gari ina thamani au ni mapenzi tu? Maana majirani wanaiita mkweche

*Dada Zuhura:* Shangazi ina thamani, na inazidi kupanda. Marekani gari ikitimiza miaka 25 inaruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama, kwahiyo kila mwaka kundi jipya la magari ya Kijapani ya miaka ya tisini linapata wateja wapya. Skyline R34 za 1999 zimeanza kuruhusiwa 2024. Na hapo ndo mjomba ana hoja kuliko mimi, kwa sababu magari haya karibu yote vijana waliyakata wakayachezea wakayagonga, sasa ile ambayo haikuguswa ndo inatafutwa. Ilikuwa gari ya kawaida, imekuwa adimu kwa kuachwa tu

*Hamisi:* Kwahiyo niiache ilivyo nisubiri mnunuzi? Mimi siuzi jamani. Mimi nataka kuiendesha. Gari ya kutazamwa haina maana kwangu, na msinielewe vibaya naipenda hii gari kuliko mnavyofikiri, nimekua nikiisikia inaingia getini nikijua Baba karudi. Ndo maana nataka niifanyie kitu

*Mama Hamisi:* Mwanangu hilo tunalijua

*Mjomba Rashidi:* Hamna aliekwambia usiiendeshe. Gari ikikaa ndo inakufa, sili zinakauka, petroli inaoza kwenye tenki, kutu inaanza ndani ya mitungi ya breki. Iendeshe sana. Nnachokataa mimi ni msumeno. Nisikilize vizuri hapa. Kuna kitu kinachofunguka kwa spana na kuna kitu kinachokatwa. Rimu, koilova, ekzosi, kontroboksi, hata tabo, vyote vinafunguka, kesho ukijuta unarudisha kile cha zamani mradi hukukitupa. Fenda ukishaikata ndo basi. Hio bati ya kiwandani haipo tena duniani ni ile moja. Na zile Impreza za umbo hili, GC8, kutu yake inapenda pale pale kwenye tao la gurudumu la nyuma, ukifunika na fenda pana ya faiba ukaifunga juu ya kutu umeifungia unyevu ndani iendelee kula usiione

*Hamisi:* Mjomba hapo umenishtua maana upande wa kulia kuna rangi imevimba kama malengelenge

*Mjomba Rashidi:* Nilijua. Hio tunakata iliyooza tu mpaka tufike kwenye bati safi, tunachomelea bati jipya lenye umbo lile lile, tunapaka kinga ndani na nje. Kuziba kwa puti mwiko. Kukata namna hio nakubali, maana unakata ili ibaki

*Juma:* lakini 22B jamani 😩 ile ndo Impreza nzuri kuliko zote

*Dada Zuhura:* Juma 22B ni ya 1998, kwa soko la Japani zilitoka 400 tu, lita 2.2, bodi yake pana ya milango miwili. Yetu ina milango minne lita mbili. Hata Hamisi akate vipi atapata kitu kinachoigiza 22B, wakati mkononi ana WRX ya mwaka ule ule Colin McRae alipochukua ubingwa wa dunia wa rali na Subaru wakachukua wa viwanda. Mimi ningekuwa nayo hio nisingetaka ifanane na nyingine yoyote

*Baba Hamisi:* McRae ndo sababu niliinunua

*Baba Hamisi:* Na zile rimu za dhahabu niliweka mimi 1999 kwa ajili hio hio. Za kiwandani zilikuwa za fedha, ziko stoo. Ekzosi pia sio yake. Sasa Rashidi ukisema irudi ilivyokuwa unamaanisha ilivyotoka kiwandani au ilivyokuwa kwangu?

*Mjomba Rashidi:* Shemeji hapo nasema kiwandani. Rimu za fedha zirudi. Ukianza kuchagua hiki cha kiwandani hiki cha mwenye gari hutofika mwisho

*Dada Zuhura:* Mjomba hapo nakataa kwa heshima zote. Lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina mkataba wake unaoitwa wa Turin tangu 2012, na ndani yake wamesema mabadiliko gari iliyofanyiwa wakati wa matumizi yake ya kawaida yanashuhudia historia yake, yanafaa kuhifadhiwa, na si lazima gari irudishwe kama siku ilipotoka kiwandani. Halafu mabadiliko mapya ikibidi yaheshimu muundo wake na ikiwezekana yawe ya kurudishika, na vile vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Hicho ndo ulichosema wewe mwenyewe kuhusu spana na msumeno. Na kwa FIVA gari ya kihistoria inaanzia miaka 30, ya 1995 imeshafika. Rimu za dhahabu aliziweka ba'mkubwa mwenyewe miaka ile ile ya McRae, ukizitoa unafuta maisha ya gari ili ilingane na katalogi

*Hamisi:* Rimu za dhahabu zinabaki. Hilo mimi sibishani na mtu

*Mjomba Rashidi:* Haya. Za fedha msizitupe lakini. Na mimi bado nasema gari inapendeza na za fedha

*Hamisi:* Halafu mjomba mbona zile Porsche za Singer, wale wanaojenga upya 911 za zamani, zinabadilishwa kila kitu na watu wanazilipia kuliko hata orijino? Wanachukua 911 ya toleo la 964 ya mwaka 89 mpaka 94 wanaivua yote

*Mjomba Rashidi:* Ndio, na kazi ile naiheshimu sana. Umesema mwenyewe wanaivua yote. Inaanzia bati tupu, kila waya kila bushi kila skrubu inafikiriwa, ndo inajengwa upya. Hawapachiki bodikiti juu ya gari iliyochoka. Siku ukiwa tayari kwa kazi ya namna ile niite tutafute bodi ambayo imeshaharibiwa na wengine, zipo nyingi zinalia, hio ujenge unavyotaka mpaka usiku nitakuwa na wewe. Ya baba yako hapana

*Juma:* mjomba hilo wazo tamu 👀

*Hamisi:* Sawa. Nimekubali fenda sikati, rangi ya bluu inabaki, siti zinabaki Mama. Lakini koilova na kontroboksi bado nataka

*Mjomba Rashidi:* Koilova ngoja. Tuweke bushi mpya za mpira kwanza, za mpira mpwa wangu sio zile ngumu za plastiki zinazoleta mtetemo wote mpaka kwenye meno, na shokapu mpya za kiwango cha kiwandani. Uendeshe hivyo miezi kadhaa. Ukiona bado unataka kushusha nitakufungia mwenyewe. Kontroboksi, ile ya zamani lazima ifunguliwe hata kama utaweka mpya, kwenye vifaa vya umri ule kapasita zinavuja maji yake yanakula njia za shaba kwenye bodi, tumpe fundi wa elektroniki abadilishe kabla haijafa. Na kuna vya kisasa mimi mwenyewe nakubali bila ubishi, pedi nzuri za breki, hosi za breki zenye wavu wa chuma, rejeta ya alumini, na matairi mapya, nasema mapya yaliyotengenezwa juzi, sitaki kusikia tairi lina kashata nzuri wakati lina miaka kumi

*Shangazi Mwanaidi:* Hapo kwenye breki na matairi nimekuelewa kaka

*Baba Hamisi:* Spea zitapatikana? Ndo ilinifanya niipaki

*Dada Zuhura:* Hilo ndo gumu. Nissan walianza 2017 kutengeneza tena spea za R32 GT-R, Toyota nao 2020 wakaanza na za Supra A70 na A80, Mazda wanarudisha ile MX-5 ya kwanza. Kwetu tutawinda kimoja kimoja. Hamisi fungua daftari andika namba ya kila kipuri kinachotoka na upige picha kabla hujafungua, kila bolti kwenye mfuko wake na jina. Na usitupe kitu hata kikiwa kimekufa, kuna vingine vitabidi vifufuliwe kwa sababu vipya havipo

*Hamisi:* Sawa dada. Basi kesho naileta gereji kwa mjomba, naiwasha asubuhi na mapema

*Mjomba Rashidi:* USIIWASHE. Wiki iliyopita mlibahatika tu. Mkanda wa taiming una umri gani shemeji?

*Baba Hamisi:* Mmh. Miaka mingi

*Mjomba Rashidi:* Injini ile mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, mazungumzo yote haya yanakuwa ya bure. Naja na gari ya kubeba. Hamisi chomoa betri usiku huu, na unitumie picha ya kile kibati cha kwenye chumba cha injini kinachoonyesha namba ya rangi, na ya hayo malengelenge upande wa kulia, uwashe tochi nione vizuri

*Hamisi:* Natoka nje sasa hivi mjomba